Tukutane Kwenye Tano

Kama hujawahi kufanya biashara ukuta mmoja na kibanda cha gemu, hujui watu wazima wanavyoweza kununiana kwa kitu kisicholika. Mimi nauza chakula Mwanjelwa, hapa Mbeya. Upande wangu kuna masufuria, upande wa pili kuna televisheni za Gwakisa, mtoto wa kaka yangu, na katikati yetu kuna mbao ambazo hazizuii hata harufu ya dagaa. Kila neno linalosemwa kule naliokota. Sijawahi kushika pedi ya kuchezea, lakini niulize habari za Ngome ya Ukungu nitakueleza kama vile ngome yenyewe nilisaidia kuijenga.

Ngome ya Ukungu ni gemu, na mpaka sasa zimetoka sehemu saba. Shujaa ni yuleyule, kijana mfupi mwenye kofia pana. Jina lake la kule alikotoka hakuna anayeliweza, kwa hiyo Mwanjelwa nzima inamwita Dogo Kofia. Kila sehemu inakuja na nchi mpya, joka jipya, na mchawi mmoja anaitwa Bibi Barafu ambaye kila sehemu anakufa na kila sehemu anarudi. Vijana wamegawanyika kama makanisa. Kuna wa Kwanza, hao wachache, wanaongea taratibu kama wastaafu. Kuna wa Saba, wengi wao madereva wa bodaboda, wanapenda kwa sababu nchi yake ni kubwa na unakwenda unakotaka. Na kuna wa Tatu, ambao kiongozi wao ni Gwakisa mwenyewe. Kwa Gwakisa, dunia ilifikia kilele chake kwenye Tatu, pale Dogo Kofia anapompanda beberu na kupigana na joka juu ya daraja. Baada ya hapo anaona ni kushuka tu.

Tano ilikuwa haina mtu. Kwenye Tano, Dogo Kofia anapoteza upanga mwanzo kabisa, halafu anapewa bibi kizee ambebe mgongoni, avuke naye milima mpaka kwao. Ndiyo gemu yenyewe. Bibi anataka uji, mvua inanyesha, kuni zinalowa, bibi analalamika. Vijana waliipa jina Gemu ya Mgongo, na ilikuwa tusi. Ukicheza vibaya unaambiwa rudi ukabebe bibi.

Basi akaja Faustina. Msichana wa Iringa, Mhehe, anauza kwenye duka la pembejeo karibu na stendi, mrefu, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Jumapili moja baada ya misa aliingia kwenye kibanda cha Gwakisa akiwa na kitenge chake cha kanisani, akauliza kama wana Tano. Walimcheka. Hakujali. Alikaa, akambeba bibi, akavuka naye mlima, na wiki iliyofuata akarudi kumbeba tena.

Gwakisa alikuwa hajawahi kusema neno jema kuhusu Tano tangu itoke. Jumapili ile ya pili nikamsikia kupitia mbao akimwambia Faustina kwamba kwake Tano ndiyo bora kuliko zote, sema tu watu wa hapa hawana subira. Nilibaki na mwiko juu.

Faustina alifurahi mpaka akaja upande wangu kunisimulia. Gemu alifundishwa na baba yake mdogo, Adrian, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Huyo baba mdogo ni wa Saba, na tangu Faustina akiwa shuleni amekuwa akimkejeli kwa ajili ya Tano kila akija likizo. Faustina akaniambia, "Shangazi, nilishasema mwanaume wa kunikejeli ninaye mmoja nyumbani, ananitosha. Nikipata wa kwangu, awe mtu wa Tano."

Nilimwendea Gwakisa jioni ileile. Nikamwambia mwanangu, mwambie ukweli mapema, hiyo ni gemu tu, atacheka. Akasema atamwambia wakishaoana. Nikamwuliza kwa nini asimwambie kabla. Akasema kabla anaweza kumkataa. Unaona akili hiyo.

Mwaka ukapita, kila Jumapili wamekaa pamoja mbele ya Tano, mpaka wakakubaliana kuoana. Siku ya kwenda kujitambulisha kwao Iringa tulikodi gari dogo la abiria tukaondoka Mbeya alfajiri. Tulikuwa mimi, Gwakisa, dereva, na mshenga wetu, Mzee Jailos. Mzee Jailos ni dalali wa viazi Uyole, na kwa kuposea hana mpinzani. Siri yake anaisema wazi: watu wote duniani wanataka kukutana katikati, kazi ya mshenga ni kuwaonyesha katikati iko wapi. Amewahi kupatanisha familia mbili zilizogombea siku ya harusi, hawa wanataka mwezi wa sita na hawa mwezi wa kumi. Harusi ikafungwa mwezi wa nane, kila mtu akaona ameshinda.

Njiani Gwakisa alikuwa na woga, na mwoga huongea. Dereva alikuwa wa Saba. Basi kutoka Igawa mpaka Makambako ni Tatu na Saba, na kutoka Makambako mpaka Mafinga ni Saba na Tatu. Mzee Jailos alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kumbe alikuwa anasikiliza, kama dalali yeyote anavyosikiliza bei za wenzake.

Tulipokaribia Iringa, Mzee Jailos alifumbua macho akamkumbusha Gwakisa sheria. Siku kama hii muoaji hana mdomo. Mdomo wake ni mshenga. Akiwa na neno anamnong'oneza mshenga, na mshenga akiona linafaa ndipo linatoka. Muoaji akijibu mwenyewe, inaonekana kwao hakuna wazee. Gwakisa akaapa kwamba atakuwa bubu.

Nyumba yao iko Mlandege, imejificha nyuma ya mwamba mkubwa, na ndani ilikuwa imejaa watu kama ninavyopenda mimi. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, jikoni kuna mvuke wa kuku wa kienyeji, na kila kona kuna shangazi. Walitupokea kwa kamwene, salamu ya Kihehe, tukaitikia kamwene kadiri tulivyoweza. Baba wa msichana, Mzee Liberatus, ni mtu mpole asiye na maneno mengi. Alituambia kwamba leo msemaji wa familia atakuwa mdogo wake. Akatuonyesha mtu mnene aliyevaa koti la suti, mwenye macho ya kuchekacheka. Ndiye Adrian wa Mgololo.

Mimi walinikalisha karibu na pazia la kuingilia ndani. Chini ya pazia niliona soksi nyekundu na ndala. Nilizijua soksi zile. Nikamtazama Gwakisa nikainua nyusi kuelekea pazia, ili ajue kwamba mwenyewe yuko pale anasikia kila kitu. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Mzee Jailos alianza vizuri. Alisema tumeona ua kwenye nyumba hii, akasifu hali ya hewa, akamwelezea kijana wetu kuwa ni mtoto wa kanisani, hanywi, ana shughuli yake inayoeleweka. Adrian akauliza ni shughuli gani. Mzee Jailos akasema kijana ana sehemu ya michezo ya televisheni, vijana wanakuja wanatulia, hawazururi. Hapo Adrian alisogea mbele kwenye kochi. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana ana hamu, kama kwenye michezo hiyo Ngome ya Ukungu ipo.

"Ipo yote," alisema Mzee Jailos.

"Na kijana mwenyewe ni wa ngapi?"

Hapa ndipo mshenga alitakiwa ageuke, anong'onezwe. Gwakisa alikuwa ameshasogeza mdomo sikioni kwake, na nilijua neno alilolibeba ni Tano. Lakini Mzee Jailos hakuhitaji kunong'onezwa. Alikuwa amelisikia jibu njia nzima. Akanyoosha koti, akasema kwa fahari, "Kijana wetu ni wa Tatu. Na hayumbi."

Soksi nyekundu zilitulia kabisa.

Gwakisa akamvuta mshenga koti kwa nyuma. Sasa, kwenye ushenga kuvutwa koti kuna maana yake. Mzee Jailos alielewa kwamba muoaji anataka akaze. Akakaza. Akasema kijana huyu alianza na Tatu, anaishi na Tatu, na atazeeka na Tatu. Gwakisa akavuta tena mpaka nikaona mshono wa koti unafunguka. Mzee Jailos akaongeza kwamba hata leo njiani hakuzungumza kingine.

Adrian alicheka kicheko cha mtu aliyepata mchezo wa siku. Akasema Tatu ni ya watoto, picha zake kama zimechongwa kwa panga butu. Akasema mtu akishacheza Saba, akapanda mlima wowote anaoutaka, akapika chakula chake, akalala chini ya nyota, kurudi Tatu ni kama kurudi darasa la kwanza ukiwa na ndevu. Halafu akamwambia mshenga amwulize kijana wake lile joka la darajani alilipigaje, maana wengi wanaojiita wa Tatu hununua ngao ya fundi wa kijijini na kujificha nyuma yake.

Kama Gwakisa angenyamaza pale, huenda siku ingeokoka. Lakini umwambie mtu wa Tatu kwamba alinunua ngao. Uso ulimbadilika. Akamnong'oneza mshenga kwa nguvu kiasi kwamba mimi ng'ambo ya chumba nilisikia. Mzee Jailos akageuka, akatangaza kwamba kijana wetu anasema hakununua ngao, alimwingiza beberu chini ya daraja akalisubiri joka linywe maji. Alisema kwa uzito uleule ambao angetangazia idadi ya ng'ombe. Shangazi mmoja wa Kihehe akauliza kama kijana anafuga.

Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Adrian anapiga, Gwakisa ananong'ona, Mzee Jailos anatangaza. Kijana wetu anasema Saba ni kubwa kama mkoa lakini haina watu, unatembea kutwa kama Usangu wakati wa kiangazi. Kijana wetu anasema Bibi Barafu wa Saba anaongea sana, wa Tatu alikuwa anatenda. Kijana wetu anasema, kwa heshima zote, kwamba kupika si upiganaji. Gwakisa alikuwa amesahau pazia, amesahau soksi, amesahau kilichotuleta. Mimi nilikuwa nakohoa mpaka wakaniletea maji.

Mzee Liberatus alitazama saa ya ukutani. Harufu ya kuku ilikuwa imeshahama jikoni imekaa nasi sebuleni. Mzee Jailos, ambaye hapotezi biashara kwa sababu ya kelele, aliinua mkono, na watu wote wakanyamaza.

"Wazee wenzangu," alisema, "nyie mmesimama kwenye Saba. Sisi tumesimama kwenye Tatu. Hatuwezi kulala hapa. Nyie shukeni mbili, sisi tupande mbili. Tukutane kwenye Tano."

Akakaa, akakunja mikono, akasubiri shukrani.

Nikwambie, kwa kufumba na kufumbua nilimwamini yule mzee kuliko nilivyowahi kumwamini mtu. Bila kujua alikuwa ametufikisha palepale tulipotakiwa kuwa. Kilichobaki ni Gwakisa kuinamisha kichwa tu, kukubali.

Adrian alikuwa wa kwanza kuruka. "Tano?" alisema. "Tano ipi?"

Na Gwakisa, mtoto wa kaka yangu, bubu wa kuapa, alisimama katikati ya sebule ya wakwe. "Mzee, hapana," alimwambia mshenga wake mbele ya watu wote. "Tano hapana. Ile si gemu, ile ni adhabu. Unawasha, unabeba bibi, unazima."

"Umeona," alisema Adrian. "Umeona mtu mwenye akili."

Alivuka chumba akamshika Gwakisa mkono, na mkono wa pili akamshika bega. Akamwambia kaka yake kwamba huyu kijana ana kasoro ya Tatu lakini msingi anao, familia imepata mtu. Wale mashangazi waliona mikono imeshikana wakadhani mambo yameiva, wawili wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama chini. Soksi moja ilirudi nyuma. Kisha ya pili. Pazia likabaki peke yake.

Mzee Liberatus alifurahi kwamba imekwisha. Akasema basi aitwe mwenyewe, aulizwe, tule.

Kama hujui, hili ndilo lango la mwisho. Binti anaitwa mbele za watu, anaulizwa kama anawafahamu hawa wageni. Akisema anawafahamu, mazungumzo ya mahari yanaendelea na chakula kinatoka. Akisema hawafahamu, mnashukuru kwa maji, mnaondoka, na hakuna wa kumlaumu. Kwa kawaida ni jambo la kupita tu, binti anaona aibu, anasema ndiyo kwa sauti ndogo, watu wanacheka.

Faustina aliingia akapiga magoti, akatusalimia mmoja mmoja vizuri kabisa. Baba yake akamwuliza. Akanyanyua macho.

"Shangazi wa Mwanjelwa namfahamu," alisema. "Mzee mshenga nimemfahamu leo, na ni mzee mzuri. Huyu kaka aliyesimama, simfahamu. Anafanana na mtu mmoja wa Mbeya, lakini huyo alikuwa ananiambia mambo mengine."

Hakuna aliyecheka. Jikoni mtu alifunika sufuria, tukaisikia. Adrian alianza kusema kwamba binti anatania, akamtazama usoni akaacha. Mzee Jailos, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, hakuona katikati. Alimnong'oneza Gwakisa, safari hii mshenga ndiye aliyenong'ona, akamwuliza umefanya nini wewe mtoto.

Gwakisa alimgeukia baba wa msichana. Aliomba ruhusa kwa Mzee Liberatus aseme mwenyewe. Mzee Jailos akasema hairuhusiwi. Mzee Liberatus akasema kwa hapa tulipofika, aseme.

"Nilikudanganya," Gwakisa alimwambia Faustina. "Tano siipendi. Sijawahi kuipenda. Niliogopa ungeacha kuja."

"Na Jumapili zote zile ulizokaa pembeni yangu?"

"Nilikuwa nasinzia."

"Macho wazi?"

"Macho wazi."

Shangazi mmoja alicheka puani akajifanya anapenga kamasi. Faustina hakucheka. Aliinuka kutoka magotini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya Gwakisa. Nilijua sura ile. Ni sura ya vijana wa kibandani wakishageuziana viti.

"Haya," alisema. "Ulifika wapi kabla ya kuichukia?"

"Kwenye mahindi."

"Mahindi ni kijiji cha kwanza."

"Hapo ndipo nilipochoka."

Adrian akacheka kwa sauti. Faustina akamgeukia. "Na wewe baba mdogo usicheke. Wewe uliishia kisimani. Miaka yote hii unanisema, hujawahi hata kuona mto." Adrian akaanza kutafuta leso mfukoni.

Gwakisa alikuwa ameshapoteza kila kitu, na mtu wa namna hiyo hana cha kuogopa. Akasema haijalishi amefika wapi, gemu inayokunyima upanga mwanzoni imekudharau. Faustina akasema haikudharau, inataka uwe na akili badala ya mkono. Gwakisa akasema akili gani ya kutafuta kuni kavu. Faustina akasema ndiyo hiyohiyo, kuni zikilowa bibi hapati uji, na bibi asipopata uji haonyeshi njia ya mkato, angejua hilo kama angekuwa macho.

"Mimi nimekulia Tukuyu," alisema Gwakisa. "Mvua naijua. Sihitaji kuwasha televisheni ili ninyeshewe."

Hapo sebule nzima ilicheka, hata Mzee Jailos. Faustina aliuma mdomo, nikaona kicheko kinamkimbia, akakikamata.

"Kwa hiyo unapenda majoka kwa sababu Tukuyu hakuna majoka?"

"Ndiyo."

"Na mbuzi je? Tukuyu hakuna mbuzi? Maana naona unampanda beberu gemu nzima."

Adrian alipiga goti lake kwa furaha. Gwakisa akakubali kwamba hapo amepigwa. Lakini akauliza mbona bibi anazidi kuwa mzito kila mlima, huo si uonevu. Faustina akasema bibi hazidi uzito, ni Dogo Kofia anayechoka, na hayo ni mambo mawili tofauti. Gwakisa akasema mgongoni ni jambo moja. Wakaendelea. Faustina alikuwa amesogeza kigoda, na Gwakisa alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kochi, magoti yanakaribia kugusana. Mmoja anahesabia hoja vidoleni, mwingine anavikunja vile vidole kabla hoja haijaisha. Adrian alijaribu kuingiza Saba, wote wawili wakamwambia asubiri.

"Ungeniambia tu," Faustina alisema wakati fulani, kwa sauti ya chini zaidi. "Ungeniambia tangu siku ile, tungekuwa tumeshabishana mwaka mzima."

"Ulisema unataka mtu wa Tano."

"Nilisema. Lakini kusinzia, Gwakisa. Mtu anasinzia mbele ya ule mlima wa tatu?"

"Mlima wa tatu una nini?"

Akaanza kumweleza mlima wa tatu una nini.

Mzee Liberatus alikuwa anawatazama muda wote huo, kichwa kinakwenda huku na kule. Hajui gemu, hajui Tano wala Tatu. Aliniinamia akaniuliza kama hawa watoto huko Mbeya wanaishi nyumba moja. Nikamwambia hapana, mzee, hata siku moja. Akasema basi inashangaza, maana yeye na mkewe Severina ilibidi waishi miaka mingi kabla ya kufikia kiwango hiki. Akageukia jikoni, akamwambia mkewe atoe chakula.

Mzee Jailos, kwa kuwa ni mtu wa taratibu, alikumbusha kwamba swali bado halijajibiwa, na bila jibu la mdomo wa binti hawezi kunawa mikono. Mzee Liberatus akaona ni kweli.

"Faustina," aliita. Hakusikia. Akaita tena. "Faustina, hawa wageni unawafahamu au huwafahamu?"

Faustina aliinua kiganja kumzuia Gwakisa asichukue nafasi. "Nawafahamu baba, namfahamu na huyu," alisema bila kugeuka, "lakini ngoja kwanza nimalize kumjibu."